Kompyuta Yangu Inasema kwa Sauti Mbili

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimefika ukingoni, nisaidie kabla sijafukuzwa kazi au mimi sijamfukuza mume.

Mimi ni mama wa makamo, sioni tangu utotoni, nafanya kazi kampuni ya maji kitengo cha malalamiko, najibu barua pepe za wateja waliokaukiwa mabomba, na kompyuta yangu ina programu inayonisomea kila kilichopo kwenye skrini, nimeizoea mpaka vidole vinakwenda vyenyewe, inasoma mbio kama mtu anayefukuzwa na mbwa, wenzangu wanasikia kelele tu mimi nasikia kila neno, basi Jumatatu moja nawasha mashine napokewa na sauti nyingine, ya mwanamume, taratibu, kama anayesoma tangazo la msiba, kumbe meneja amesikia kuna programu ya bure ya kazi hiyohiyo akaamuru fundi abadilishe.

Nikamwuliza fundi, "Mbona hamkuniambia?"

"Mama, tuliogopa kukusumbua."

Nikibonyeza kama nilivyozoea nisomewe mstari, inanyamaza, nikibonyeza inyamaze, inasoma ukurasa mzima, na nyumbani ndiko balaa zaidi kwa sababu mume wangu naye haoni, ni mwalimu, anaitumia hiyo ya bure siku zote na hachoki kunihubiria nihamie, aliposikia alicheka mpaka akapaliwa na chai, "Si nilikwambia?", nikaapa sitajifunza kitu kinachomfurahisha kiasi hicho, nikambembeleza fundi anirudishie ya zamani, akairudisha ila mpya hakuizima, zikawa zinasema zote mbili kwa pamoja kama mawifi waliokosana.

Ndipo likanikuta la kunikuta. Meneja ameandaa sherehe ya kuzindua "ofisi inayowajali wasioona", wapiga picha watakuja, na wasioona wa ofisi ni mimi peke yangu, natakiwa nishike kipaza sauti nishukuru, nikamwandikia dada yangu kwamba sherehe yenyewe ni ya kupiga picha tumbo la meneja, nikasikia "dada" katikati ya zogo la sauti mbili nikatuma, kumbe hilo "dada" lilikuwa la ndani ya barua, anwani ilikuwa ya wafanyakazi wote! Meneja amenuna, hasemi na mimi, na sherehe ni wiki ijayo. Shangazi, nijiuzulu au nijifanye mgonjwa?

Ni mimi, Masikio Yamechoka.

*

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, nikajilaumu, nikacheka tena.

Haki yako kwanza. Kumbadilishia mtu programu bila kumwambia ni kuingia nyumbani kwake akiwa kazini, ukahamisha jiko, kitanda na choo, kisha ukadai ushukuriwe kwa sababu hukumtoza. Na fundi asikudanganye. Huo si woga, ni uvivu uliochana nywele.

Sasa zamu yako. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta jambo moja ambalo programu mpya imeshindwa kukufanyia. Sijaliona. Sauti ya msiba inabadilishwa, kasi inaongezwa, vitufe vyake vinazoeleka, na anayejua namna ya kufanya hivyo unalala naye kitanda kimoja. Huichukii programu, mama. Unachukia kwamba mumeo alisema kweli.

Kujiuzulu hakuna, na ugonjwa wa sherehe usiuugue. Zima sauti moja leo hii. Kazini tumia ya zamani, mpya jifunzie wakati wa mapumziko, mpaka vidole vikubali. Kisha nenda kwa meneja kabla hajakuita, umwambie: "Kwa tumbo naomba radhi. Kwa sherehe siombi." Siku ikifika, usishike kipaza sauti. Washa kompyuta, ongeza sauti, ujibu lalamiko la mteja mbele ya wageni, wasikie kazi inavyofanywa. Halafu sema, "Mara nyingine, niulizeni kwanza," ukae chini.

Na mumeo mwombe akufundishe. Atavimba kichwa, mwache avimbe.

*

Kabla gazeti halijakwenda mitamboni, mama huyu amenipigia simu. Alikwenda kwa meneja, akaomba radhi ya tumbo. Meneja akauliza, "Kwani wewe tumbo langu umelionaje?"

"Sijaliona, bosi. Nalisikia likipiga meza yangu kila ukipita."

Akacheka mpaka katibu wake akafungua mlango. Programu ya zamani haitatolewa mpaka mama mwenyewe aseme, na fundi ametumwa akamwombe samahani. Sherehe ipo palepale, wapiga picha hawaahirishwi.

Na masomo ya jioni? Yameanza vizuri. Mume sasa analalamika kwa majirani kwamba mwanafunzi wake anamwuliza maswali asiyoyajua.