Athieno Anaachishwa Ziwa

Jumatatu, 3 Machi
Soko la Busia tangu alfajiri. Nyanya nusu zimeoza. Mgongo unauma. Maziwa yanavuja, nimefunga leso mbili kifuani. Mwanangu Athieno yuko kijijini Kirewa kwa mama mkwe, anaachishwa ziwa. Kwetu kazi hiyo ni ya bibi, mama haonekani mpaka mtoto asahau. Akisikia tu sauti yako, wanaanza upya.

Jumatano, 5 Machi
Viza imetoka! Jumatatu nakwenda Afrika Kusini, miezi mitatu, kusoma mambo ya haki. Mimi niliyeishia darasa la saba. Wamama wa soko ndio walionichagua. Siku askari wa mpakani alipomwaga nyanya zetu nilimuuliza, kwa sheria gani? Akacheka tu. Mimi mwenyewe sikujua. Nataka kujua.
Ila mama mkwe kasema wazi: mtoto asipoacha ziwa, hakuna safari. Yeye bibi hawezi kulala na kilio miezi mitatu. 

Ijumaa, 7 Machi
Nimeharibu. Nilishindwa kuvumilia, nikapanda boda mpaka Kirewa, nikajificha nyuma ya jiko nimwone tu. Anafukuza kuku. Amekonda? Mara jirani akapita. "Mama Athieno! Habari za Busia?" Salamu ya mtu mzima huiachi hivihivi. Nikaitika. Kwa sauti!
Athieno akageuka. Nikakimbia kama mwizi. Kilio chake kilinifuata mpaka barabarani.
Mama mkwe akapiga simu. "Mdomo huo! Si ungepunga mkono tu? Haya, kauze nyanya zako."
Najichukia.

Jumamosi, 8 Machi
Kifua kama mawe. Sikuuza kitu.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kaniita. Nilijua ni kumchukua mtoto, nikabeba na shuka la mgongoni.
Athieno alikuwa mkekani na kikombe cha uji. Akanipanda mapajani. Akavuta blauzi, akachungulia. Akairudisha. Akaniwekea kikombe chake mdomoni, ninywe.
Nikanywa. Uji wa mtama, umepoa, una mate yake.
"Tangu jana haulizi ziwa," mama mkwe akasema. "Nenda sasa, kabla hujasalimia mtu mwingine."
Nilicheka. Kumbe nalia.

Jumatatu, 10 Machi
Tororo. Nasubiri basi la kwenda uwanja wa ndege. Nimechoka mwili wote. Leo nimefunga leso moja tu kifuani. Nimeigusa. Kavu.