Nashiba kwa Waumini, Mume Wangu Anapika Bure

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaharibu nyumba nzuri ambayo Mungu alinipa bila mimi kustahili. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Timau, mchana napanga mboga kwenye shamba moja kubwa, Jumamosi nasomea uchungaji mjini Meru, na jioni nikitoka kazini natembelea nyumba za waumini kuwaombea, maana hayo ndiyo mazoezi niliyopewa na Mchungaji Kiunga anayenisimamia, na yote haya nayaweza kwa sababu ya mume wangu Mithika, ambaye tangu nianze masomo, akitoka shambani kwetu, ndiye anayepika, ndiye anayeogesha watoto, na juzi juzi amejifunza hata kumsuka binti yetu Kagwiria, mistari inaenda kombo lakini mtoto anaenda nayo kanisani akiringa. Wenzake wanamcheka wakimwambia, "Bibi yako ni pastor, sasa wewe ndio mama wa nyumba?" naye anacheka nao tu. Kila nikipewa nafasi ya ushuhuda kanisani namshukuru Mungu kwa ajili yake, na hata sasa nikiandika machozi ya shukrani yananilenga.

Shida ni chakula. Unajua kwetu ukiingia nyumba ya mtu ukaiombea hutoki bila kula, na si chai peke yake, ni chapati, ni mukimo, pengine ni kuku aliyekuwa akitembea uani ulipobisha hodi, na ukikataa wanasema huyu hata hajawa mchungaji na ameanza kutudharau, hasa wajane, kwa hiyo nakula, na nikifika nyumbani nimeshiba kabisa, namkuta Mithika ameniwekea sahani yangu ameifunika, nami nasema asante, nitakula kesho. Siku moja Murungi, kitinda mimba wetu, akaniuliza, "Mum, kwani chakula ya daddy ni mbaya?" Baba yake akamwambia, "Wacha mum apumzike, ametoka kazi ya Mungu." Sasa wiki iliyopita nilifika nikakuta wamekula, vyombo vimeoshwa, na sahani yangu haipo. Hakuna aliyenuna. Mithika aliniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, akasema, "Sawa, tulijua," akaendelea kumsaidia Kagwiria kazi ya shule. Hilo neno limekataa kunitoka moyoni. Je, niache masomo? Nimebakisha mwaka mmoja tu, na wito huu naupenda, lakini naona watoto wangu wameanza kuzoea kuishi bila mimi, na wenyeji nao siwezi kuwakatalia chakula chao.

Mama Kagwiria, Timau

Mama Kivuti anajibu:

Mama Kagwiria, pole, na hongera pia. Barua nyingi zinazonifikia hapa Embu ni za wanawake wanaolia wapate mume wa kuchemsha maji ya chai tu, na wewe umepewa anayesuka nywele. Mshikilie. Masomo usiache, hakuna aliyekuomba uache, na ukiacha sasa Mithika atakuwa amechekwa bure.

Lakini kaa nikuambie. Unasema huwezi kukataa chakula. Unaweza sana. Jioni baada ya jioni umekataa cha Mithika, tena kwa adabu na asante juu. Tofauti ni kwamba wenyeji wako watanung'unika na yeye hanung'uniki, basi ukachagua kumnyima yule asiyekusumbua. Huo si wito, mama, huo ni woga wa maneno ya watu.

Nenda kwa Mchungaji Kiunga umweleze haya yote ulivyonieleza mimi. Nina hakika hujawahi kumwambia. Anadhani una nafasi kwa sababu kila akikutuma unaitika. Mwombe akupunguzie jioni za kutembelea zibaki mbili kwa wiki. Ukifika kwa mtu, sema mlangoni, kabla hajaweka sufuria motoni: "Leo nipe chai tu, watoto wananingoja tule pamoja." Atanuna kidogo, halafu ataelewa, kwa maana naye amelea watoto. Yule mjane anayekula peke yake siku zote, kula naye, usimnyime hilo, ila mpigie Mithika simu mapema asikupikie. Au afadhali siku nyingine uende naye na watoto, mjane aone nyumba yake imejaa. Na jioni unazowahi kurudi, pika wewe. Usiniambie umechoka, kwani Mithika anatoka shambani akiwa amepumzika?

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine. Umemshukuru Mungu mbele ya kanisa zima, umelia ukiniandikia mimi nisiyekujua, lakini sijaona mahali ulipomgeukia Mithika mwenyewe ukamwambia asante isiyo ya kukataa chakula. Mwambie leo. Mwambie pia kwamba ulimsikia aliposema walijua, na kwamba iliuma. Usingoje akasirike ndipo ujue ameumia. Mwanamume wa aina yake hakasiriki, anazoea tu, na akishazoea kabisa hata kukuuliza kama umekula ataacha.