Kadi Yenye Doa la Chai

3 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini ile homa imekuacha upumue. Mimi ni mzima, ila mafunzo yamenielemea. Kwa miaka mingi nimejiuliza: je, mtoto husoma kwa kuunganisha sauti, au kwa kulitambua neno zima, kama anavyoitambua sura ya mtu? Chuoni nafundisha walimu njia hiyo ya pili. Mwanangu akiwa kwako, tafadhali mwendeleze kwa kadi za maneno nilizomfungia. Usimkatekatie maneno kuwa silabi.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole na kazi. Homa iliondoka, mtoto hajambo, anakula kunishinda. Neno "kikombe" alilitaja haraka ajabu, nikakusifu. Kisha nikaliandika ubaoni. Akakodoa macho: "Doa liko wapi, mama?" Kumbe alikuwa akisoma chai uliyoimwagia kadi! Nilicheka mbavu zikauma. Sasa tunaimba ka-ke-ki-ko-ku kama darasani kwangu, na jana kasoma maandishi ya mfuko wa sabuni peke yake.

Mdogo wako

4 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Mwili wangu u mzima; moyo, usiulize. Doa moja haliangushi nadharia. Lakini tangu lini umekuwa "mama" badala ya "mama mdogo"? Na neno la kwanza alilosoma lilikuwa haki yangu kulisikia. Nakuja kumchukua.

Dada yako

10 Aprili

Dada,

Shikamoo, hata kama umenuna. Sema una wivu, yaishe, usiusingizie utaalamu. Mtoto ni wako. Ila ndiyo kwanza anashika sentensi. Mwache amalize muhula, nakuomba.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa haya, baada ya kimya changu chote tangu nimtoe kwako. Mtoto anakusalimu bila haya yoyote. Kwangu hasomi. Jana nilimsikia akimsomea mwanasesere, kwa silabi zako, polepole, bila kukosea. Nilipoingia, alifunga kitabu.

Kuhusu wivu, ulisema kweli. Kuhusu mbinu, bado sijui: huenda kadi zilishindwa, huenda mtoto husoma kwa yule aliyetulia naye, njia iwe yoyote. Ninaye mmoja tu, siwezi kumfundisha upya nikalinganisha. Na mlalamikaji hawezi kuwa hakimu.

Mpokee stendi Jumapili. Kama namrudisha kwa faida yake, au kwa kuwa siwezi kuvumilia kufungiwa kile kitabu, hilo sijalipatia jibu.

Dada yako