Makumbi Yako Yamefukuliwa, Mama

Mama yangu uliyelala nyuma ya msikiti,

Nakuandikia nikiwa juu ya kitanda changu cha ghorofa, hapa Dubai, wenzangu huko chini wanagombania feni. Wewe ulinifunza nisizungumze na mkubwa nikiwa na hasira. Leo utaniwia radhi.

Unazikumbuka asubuhi zile maji ya bahari yakitoka? Unatangulia na polo la makumbi ya nazi kichwani, mimi nyuma na mawe. Tunachimba matopeni, tunayafukia, tunazungushia mawe ili kila mwanamke alijue shimo lake. Nikakuuliza kwa nini tusiyatoe kesho yake. Ukanicheka: "Kumbi halina haraka, mwanangu. Wewe ndo una haraka." Miezi ikipita tunayafukua, yameshalainika, yananuka mpaka kuku wanakimbia. Tunayabonda, tunatoa usumba, zile nyuzi zake, unasokota kamba juu ya paja lako. Sare yangu ya skuli ilitoka humo, mpaka pale skuli yangu ilipoishia.

Yale ya mwisho uliyafukia ukiwa unaumwa. Ukaondoka kabla hayajawa tayari. Mimi nilikuwa huku, ruhusa ya kuja kukuzika sikupewa. Nikamwomba dada Mwanakhamisi asiyaguse, nikirudi nitayafukua kwa mikono yangu, niyabonde, nisokote kama wewe. Sikulitia udongo kaburi lako, mama. Nilibakiwa na hilo tu.

Juzi dada kanipigia. Ile hoteli iliyojengwa mbele yetu imeshusha katapila ufukweni. Mashimo yote ya wanawake yamefukuliwa, na makumbi yametupwa jaani. Meneja kasema yananuka, wageni wanakunja pua.

"Alidhani tumefukia uturi?" dada akasema. Akacheka, kisha akalia.

Si kwamba siipendi hoteli. Barabara imekuja, na taa zimekuja. Hospitali bado tunaambiwa inshallah. Lakini nani alimwambia yule bwana kwamba uvundo ule ni uchafu? Angeuliza. Mtoto yeyote wa pale angemwambia. Mashimo yenye mawe yaliyopangwa duara, yeye akaona takataka.

Na hapa kazini, kwenye hoteli ninayosafisha vyumba, Mercy, rafiki yangu Mkenya, akanionyesha tangazo kwenye simu yake. Nikaujua pichani ule mwamba wa pwani yetu, na hoteli ile nyuma yake. Wameandika kwamba ni pwani ambayo haijawahi kuguswa na mtu.

"Ati hapa ndio kwenu?" akaniuliza. "Na uko huku unasugua choo? Woi, dada, wewe ndio ungekuwa unaletewa juisi."

Nilicheka, kisha nikaingia chooni kweli, nikafunga mlango. Haijaguswa! Kucha zako zilikuwa nyeusi kwa matope yale mpaka siku tulipoagana uwanja wa ndege.

Sasa sikia lililonikaba. Meneja huyohuyo kasikia kwamba nafanya kazi Dubai. Kampa dada ujumbe: anataka mtu wa kuwasimamia wasafisha vyumba, niende nyumbani. Kwa siku mbili nilisema kwa jina la Mungu sikanyagi. Nikatandike vitanda juu ya jasho lako?

Halafu nikampigia Rayhana, mjukuu wako. Alikuwa anatambaa nilipomwacha. Sasa anaongea kama kasuku. Dada akamwambia, "Msalimie mama." Mtoto akaangalia simu, akamgeukia dada, akamuuliza, "Mama si wewe?"

Khalas. Nikamaliza ubishi wangu hapohapo.

Nimempigia meneja mwenyewe. Nimemwambia nakuja, ila wanawake warudishiwe mahali pao pa kufukia, na wapewe njia ya kupita. Akaniambia kwa upole kwamba ataliangalia. Nikamwambia aliangalie mapema, maana nikifika nitakuwa nampitia ofisini kila asubuhi kabla sijagusa shuka hata moja. Akaniuliza naanza lini.

Mercy ananiambia nitafukuzwa wiki ya kwanza. Huenda. Lakini wiki hiyo mwanangu atalala kifuani kwangu, na ataamka ananijua.

Nitapita kwako kabla ya kwenda popote. Usinitarajie nimepoa, mama. Hasira hii siiachi Dubai, nakuja nayo, na wewe usiniombe niiweke chini.

Mtoto wako wa mwisho,
Mama Rayhana