Susu Amekuja Getini

Mwende, dada yangu,

Pokea vumbi la Machakos. Likizo yangu ya Agosti hapa chuoni ni raha tupu: Kigiriki cha kale kuanzia asubuhi hadi jioni. Sasa naweza kupiga gumzo na watu waliokufa zamani.

Jana Susu, mamake Baba, alikuja kutoka Ekalakala kuniona, amebeba ndani ya kiondo sufuria ya muthokoi, yale mahindi yake ya kukoboa na maharagwe. Akanishika mashavu, akaongea Kikamba hadi machozi yakamtoka. Mimi, msomi wa lugha, nikamwita soja wa geti anitafsirie.

"Anasema umekonda," akasema soja. Basi.

Nimekukumbuka sana. Msalimie Baba, aliyetuambia Kikamba hakitatupeleka popote. Mwambie kilikuja chenyewe hadi getini, kimebeba muthokoi.

Kakako,
Mutua