Dirisha la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Swali langu la miaka mingi: nisipofanya kazi, nabaki kuwa nani? Jana niliteleza shambani, kikapu cha majani chai mgongoni, nikikimbilia kumaliza kuchuma ili nisahihishe mitihani. Kifundo cha mguu kimevunjika. Plasta hadi gotini. Wiki sita bila kukanyagia, amesema daktari, la sivyo mfupa utaunga vibaya na nitachechemea maisha yangu yote. Nimemtuma binti yangu Kerubo aniletee karatasi za kidato cha nne. Nimesahihisha hadi macho yakauma. Nina hasira.

Jumatano, 5 Machi
Mume wangu yuko kazini Nakuru, Kerubo shuleni. Nimelala kwenye kochi sebuleni. Asubuhi nikasikia kikohozi nje ya dirisha: baba mkwe. Kwa chinsoni, heshima yetu ya wakwe, yeye haingii nyumba ya mwanawe, nami simkaribii. Tangu niolewe hatujapita salamu. Leo ameweka kigoda chini ya dirisha, akanipa mgongo, akaacha ndizi mbivu kizingitini.
"Mama Kerubo, unapumzika?"
"Nasahihisha, Baba."
"Aa. Basi mguu unapumzika peke yake."
Nimecheka. Sikutarajia.

Jumatatu, 10 Machi
Anakuja kila siku. Leo: alivyokuwa beki wa timu ya Ekerenyo, akajifunga bao siku ile marehemu mama mkwe alipokuja kumtazama kwa mara ya kwanza. "Alinihurumia. Ndivyo nilivyopata mke." Siamini yote. Nayapenda yote. Karatasi ziko pale pale.

Alhamisi, 13 Machi
Upumbavu wangu. Kutoka dirishani niliona majani yamekomaa, yanapita wakati wa kuchumwa. Nikainuka. Nikaegemea meza, meza ikateleza. Nikawa sakafuni, mguu wenye plasta chini yangu.
"Mama Kerubo, umeanguka?"
"Ndiyo, Baba."
"Utaweza kuinuka?"
"Siwezi."
Mlango ulikuwa wazi. Hakuingia. Nami, hata kwa maumivu yale, sikutaka aingie. Nimejaribu kujieleza sababu na nimeshindwa. Akachukua sufuria iliyoanikwa nje, akaipiga kwa jiwe, na kila alipopumzisha mkono akaniambia nisiogope, yuko hapo. Jirani yetu Moraa akaja mbio kutoka shambani.
"Sasa mzee, unafukuza nyani?"
"Nafukuza kazi. Imeingia humo ndani, imemwangusha mtoto wangu."
Moraa aliniinua huku akicheka, nami nikacheka na machozi yananitoka. Mtoto wangu, amesema. Mguu unauma vibaya. Naogopa nimeuharibu.

Jumatatu, 17 Machi
Nimepigwa picha upya. Mfupa haujasogea. Nililia mbele ya daktari, bila haya. Niliporudi nilikuta Moraa amechuma majani yetu pamoja na yake. Sikuwa nimemwomba. Zamani ningelipa siku hiyo hiyo kwa kwenda kwake kupalilia. Leo nimesema asante, nikalala. Usingizi mtamu wa mchana. Sikumbuki mwingine.

Jumamosi, 19 Aprili
Plasta imetolewa juzi. Leo, Sabato yetu, nimetembea hadi kanisani kwa fimbo, polepole, nikirudisha salamu za kila mtu. Shule zikifunguliwa nitarudi darasani.
Mguu umepona kabla ya swali. Nilitaka kuandika kwamba mapumziko yamenifundisha thamani yangu, kisha nikasita. Huenda sikupenda mapumziko. Huenda nilimpenda tu mzee aliyeketi upande wa pili wa ukuta. Wala sijui kama ningemsikia nikiwa na miguu miwili mizima. Nililazimishwa kutulia, na aliyelazimishwa hawezi kudai kwamba amechagua. Jibu liko mbele, katika siku ya kazi nyingi, nami siku hiyo sijaifikia.
Sasa ni alasiri. Ningeweza kutoka nje. Nimeketi kwenye kochi.
Amekohoa. Nimesogeza pazia.