Rafiki Amefungwa kwa Ajili ya Kiborana Changu

Mpendwa Mama Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Isiolo, naomba msaada wako upesi, na tafadhali usicheke mpaka umalize kusoma, maana hapa mjini watakaonicheka watatosha. Mimi ni karani, Mmeru, na tangu nihamie huku nimekuwa nikijigamba kwamba nasema Kiborana kama mzaliwa, ingawa Kiborana changu ni cha kununulia maziwa tu, nikitoka kwenye maziwa siwezi hata kuuliza njia.

Jumapili iliyopita nilipata kibali cha kutoka mjini, jambo gumu siku hizi za shifta, wale waasi wenye bunduki, nikawachukua rafiki zangu tupande ule mlima mkavu kupita Ngaremara, tule huko juu na kurudi mapema, na sababu yangu ya kweli ilikuwa kumwonyesha mchumba wangu Kinanu kwamba mimi ni mwanamume wa nyika, ndiyo maana nilivaa tai na viatu vya ofisini, nikasahau maji lakini kitana nikakibeba. Tulikuwa na Erot, Mturkana, na Arero, Mborana ninayefanya naye kazi, ambaye alitangulia juu na kikapu cha chapati kwa sababu mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe natoa miiba kwenye soksi, huku nikisema natazama mandhari.

Ghafla tukamsikia Arero akipiga kelele, "Jaldesa! Jaldesa!" na Kinanu akaniuliza, "Anasema nini? Si wewe unajua Kiborana?" nami ningesema sijui, lakini namfahamu muuza mbuzi mmoja anayeitwa Jaldesa, basi nikajibu kwa sauti ya mtaalamu, "Anamwita mtu, ni shifta, tukimbie," na nikawa wa kwanza kutii. Niliteremka mlima ule kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu, nusu ya suruali imebaki huko, na Erot akiulizwa aliona nini husema, "Mimi sikuona shifta, niliona mgongo yake tu."

Tulipofika mjini nikaenda kuripoti kituo cha polisi, na afisa aliponiuliza kama nina hakika, nikaapa kwamba Arero alikuwa akimwita shifta kwa jina. Arero akaja baadaye anacheka, kikapu kitupu mkononi, akakamatwa hapo hapo barabarani. Kesho yake nikamwuliza Dokata, mama anayetuuzia maziwa, jaldesa ni nini, akasema ni nyani, akacheka mpaka maziwa yakamwagika, kisha nilipomweleza yaliyotokea akaacha kucheka. Walikuwa nyani, Mama, wanachukua chapati zetu! Wazee wa Kiborana wamekwenda kueleza wakaambiwa wanamtetea mtoto wao, kwa hiyo neno linalosubiriwa ni langu, na Arero bado yuko ndani anaulizwa Jaldesa anaishi wapi. Lakini babake Kinanu, Mzee M'Ikiara, amenisifu mbele ya watu wa kanisa, na Kinanu ananitazama kama nimeua simba, na nikisema ukweli naogopa nitampoteza. Naona aibu. Nifanye nini?

Mkalimani wa Maziwa, Isiolo

*

Bwana Mkalimani,

Sikufichi, kwenye suruali nilicheka. Nilipofika kwa Arero nikaona mzaha umekwisha. Umepata nafasi ya kutafuta karatasi, bahasha na stempu, na kumbe kituo kiko hapo hapo mjini! Kuogopa mlimani sikulaumu, siku hizi hata mimi kichaka kikitikisika nashtuka. Lakini mbele ya afisa hakuna aliyekuwa anakukimbiza. Uongo ule uliusema ukiwa umekaa kwenye kiti.

Halafu unaniuliza habari za Kinanu. Mwenzako anaulizwa makao ya nyani, wewe unaulizia harusi! Msichana aliyekuona ukiteremka kwa makalio na bado anakutaka, hawezi kukuacha kwa sababu ya nyani. Akikuacha, atakuacha kwa kunyamaza kwako, na hapo mimi nitamuunga mkono.

Jibu hili nimelituma kwako kwa posta kabla gazeti halijachapwa. Ukilipata, hata chai usimalize. Mwombe Dokata akusindikize kituoni, kama atakubali, na umwambie afisa maneno haya bila kuyapamba: "Sijui Kiborana. Nilisema uongo. Jaldesa ni nyani." Yaandikwe, uweke sahihi. Watacheka, na waache wacheke, kwa maana wakicheka ndipo watakapofungua mlango. Kisha ukamweleze Kinanu wewe mwenyewe, na baba yake pia, kabla hawajasoma hapa, kwa sababu gazeti likifika Isiolo hakuna atakayeuliza huyo karani ni nani.

Arero akitoka, usikimbilie kumkumbatia. Huenda akakutukana, kwa Kiborana au kwa Kiswahili. Simama umsikilize mpaka amalize, halafu umsindikize mpaka kwa mama yake. Huyo mama ndiye aliyepaswa kuniandikia wiki hii, si wewe.